Umejuaje? Swali Linalobeba Kozi Nzima ya Kwanza ya Astronomia

Wakulima na mabaharia wa pwani yetu wamekifuata Kilimia kwa karne nyingi. Wazee husema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kile kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana, ambacho mwenye macho mazuri huhesabu sita au saba, kilikuwa kalenda ya shamba. Fungua leo kitabu cha astronomia cha mwaka wa kwanza wa chuo, utakuta kimeandika kwamba Kilimia kiko umbali wa miaka ya nuru 440 hivi. Maana yake, mwanga unaoingia machoni mwako ukikitazama usiku huu ulianza safari kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa.

Hakuna aliyekwenda huko na kamba ya kupimia. Basi umejuaje?

Swali hilo ndilo kozi yenyewe. Naliweka mwanzoni kwa sababu nimeona vijana wenye akili nzuri wakipata alama mbaya katika somo hili, na chanzo kikawa ni kile kile: waliingia darasani wakidhani wanakuja kukariri. Walijua sayari zote kwa mpangilio, walijua Mushtari ni kubwa kuliko Zohali, walijua majina ya miezi yake. Mtihani haukuwauliza hayo. Uliwapa kipande cha ushahidi, ukawataka waseme kinathibitisha nini na kwa nini.

Katika vyuo vya Marekani, ambako vijana wengi kutoka Kenya, Tanzania na Kongo huikuta kozi hii kwa mara ya kwanza, astronomia ya utangulizi huchukuliwa zaidi na watu wasiosomea sayansi. Anayesomea biashara au muziki hutakiwa kupata angalau kozi moja au mbili za sayansi ili ahitimu, na nyota zinavutia kuliko kemia. Vyuo vingine huimaliza kwa muhula mmoja. Vingine huigawa miwili, mmoja wa Jua na sayari zake, mwingine wa nyota na galaksi, na mara nyingi kuna kipindi cha maabara pembeni. Hesabu zake hazizidi za sekondari, ila zina namna yake: karibu zote ni za uwiano. Utaambiwa nyota mbili zina ukubwa sawa, moja ina joto mara mbili ya mwenzake, je, inatoa nishati mara ngapi? Jibu ni mara 16, kwa kuwa nishati hufuata joto likizidishwa kwa lenyewe mara nne. Anayetafuta kikokotoo kwanza huchelewa. Anayejiuliza “mara ngapi?” humaliza swali kwa mstari mmoja.

Wiki za mwanzo huwa za anga linaloonekana kwa macho, na hapo ndipo mitego ya kwanza ilipo. Mwaka 1987 ilitoka filamu fupi ya kielimu iliyowauliza wahitimu wa Harvard, wakiwa bado na majoho yao ya mahafali, kwa nini majira ya joto huwa na joto. Wengi walijibu kwa kujiamini kwamba Dunia inakuwa karibu zaidi na Jua. Ni kosa, na ushahidi wa kulipinga uko wazi: Dunia hulikaribia Jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kwa umbali wa kilomita milioni 147 hivi, wakati Chicago imefunikwa na theluji. Julai, wakati watu wa Chicago wanatafuta kivuli, Jua liko kilomita milioni 152. Kinacholeta majira ni mhimili wa Dunia, ambao umeinama kwa digrii 23.4 na hauachi kuelekea upande ule ule mwaka mzima. Nusu ya mwaka kaskazini ndiko kunakopigwa na Jua kwa wima zaidi na kwa saa nyingi zaidi, nusu nyingine ni zamu ya kusini.

Sisi wa karibu na ikweta tunaweza kudhani majira hayo ni habari za watu wengine. Hapana. Pepo za kaskazi na kusi zinatokana na mwinamo huo huo. Kuanzia Desemba Jua linapika upande wa kusini mwa ikweta huku bara la Asia likipoa, na upepo unavuma kutoka huko kuja kwetu. Katikati ya mwaka Asia inachemka na upepo unageuka. Majahazi kutoka Oman na Ghuba yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, na biashara nzima ya Bahari ya Hindi ikaendeshwa na mwinamo wa mhimili wa Dunia. Mwanafunzi akitoa mfano huu kwenye insha yake mahali ambapo wenzake wote wameandika juu ya theluji, atakuwa ameonyesha kwamba ameielewa sababu na hakukariri.

Kuna swali jingine ambalo maprofesa wa Marekani wanalipenda: je, saa sita mchana Jua huwa juu ya kichwa hasa? Mtu wa Dar es Salaam atasema ndiyo, kwa sababu amewahi kusimama jua la utosi na kukosa kivuli chake. Kwake ni kweli, lakini mara mbili tu kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, Jua linapopita usawa wa latitudo ya jiji hilo. Siku nyingine zote linaegemea kaskazini au kusini kidogo. Katika Marekani bara haitokei hata siku moja, kwani nchi yote iko nje ya tropiki. Jibu la swali hilo linategemea umesimama wapi, na kozi hii inamtaka mwanafunzi asisahau kamwe amesimama wapi.

Kuhusu Mwezi nitasema machache. Wengi huamini kwamba hilali hutokea kwa sababu kivuli cha Dunia kimefunika sehemu ya Mwezi. Kivuli hicho huufunika wakati wa kupatwa tu. Siku nyingine zote nusu ya Mwezi inaangazwa na Jua, ila sisi tunaitazama nusu hiyo kwa pembe tofauti kila usiku. Waislamu wanaoutafuta mwezi mwandamo wana faida hapa, kwa maana wanajua tangu utotoni kwamba hilali hutafutwa magharibi, muda mfupi baada ya jua kuchwa, na haichelewi kuzama. Ukijua hilo, unaweza kueleza bila kufungua kitabu kwa nini hakuna anayeiona hilali changa usiku wa manane: iko upande mmoja na Jua, na usiku wa manane Jua liko chini ya miguu yetu.

Sasa turudi kwenye umbali, kwa sababu hapa ndipo kozi inapobadilika kutoka kutazama na kuwa kupima.

Nyoosha mkono, inua kidole gumba, fumba jicho moja, kisha ufumbue na ufumbe la pili. Kidole kinaruka huku na huku mbele ya ukuta wa nyuma. Kilete karibu na pua, kinaruka zaidi. Ukijua nafasi kati ya macho yako na ukapima pembe ya mruko, unaweza kukokotoa umbali wa kidole bila kukigusa. Hiyo ni paralaksi. Kwa nyota, macho mawili hayatoshi, hivyo wanaastronomia hutumia Dunia yenyewe: picha moja wanapiga leo, nyingine baada ya miezi sita, Dunia ikiwa imehamia ng'ambo ya pili ya Jua, kilomita milioni 300 kutoka ilipokuwa. Nyota iliyo karibu itakuwa imesogea kidogo mbele ya zile za mbali.

Neno “kidogo” hapa linahitaji namba. Mwezi mpevu huchukua nusu digrii ya anga. Digrii moja ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60, kwa hiyo upana wa Mwezi ni kama sekunde 1,800. Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na Jua letu, ina paralaksi (yaani nusu ya mruko huo wa miezi sita) ya sekunde 0.77 tu. Ndiyo maana Tycho Brahe, mpimaji hodari kuliko wote kabla ya darubini, alipoitafuta paralaksi asiione, alihitimisha kwamba Dunia haisogei. Nampa heshima yake Tycho. Hoja yake ilikuwa sahihi kabisa kwa ushahidi aliokuwa nao, na watu wa karne ya 16 waliokuwa tayari kuamini kwamba nyota ziko mbali kiasi kile walikuwa wachache. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1838, Friedrich Bessel alipotangaza paralaksi ya nyota iitwayo 61 Cygni, karibu theluthi moja ya sekunde. Hiyo inaiweka kwenye miaka ya nuru 10 hivi.

Kanuni yake ni nyepesi ajabu. Gawanya 1 kwa paralaksi katika sekunde, utapata umbali katika kipimo kiitwacho paseki, na paseki moja ni miaka ya nuru 3.26. Hebu tuijaribu kwa Kilimia. Satelaiti ya Ulaya iitwayo Hipparcos, iliyopima nyota zaidi ya laki moja kati ya 1989 na 1993, ilitoa paralaksi ya Kilimia ambayo baada ya marekebisho ilikuwa kama sekunde 0.0083. Moja gawanya kwa 0.0083 ni paseki 120, sawa na miaka ya nuru 390. Tatizo likaanza hapo. Waliotumia njia nyingine, kwa kulinganisha nyota za Kilimia na nyota za aina hiyo hiyo zilizo jirani, walipata kama paseki 133. Pengo la zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa kundi la nyota ambalo hata mtoto analiona kwa macho, halikuvumilika. Kama Hipparcos ilikuwa sahihi, basi nyota za Kilimia zilikuwa hafifu kuliko inavyotakiwa, na nadharia ya jinsi nyota zinavyowaka ilikuwa na kasoro mahali fulani.

Mabishano yalidumu miaka mingi. Mwaka 2014 kikundi kilichotumia darubini za redio zilizotawanyika mbali mbali, zikifanya kazi kama chombo kimoja, kilipata paseki 136. Kisha ikaja satelaiti ya Gaia, iliyorushwa Desemba 2013 na kupima karibu nyota bilioni mbili, nayo ikakubaliana na darubini za redio: paralaksi ya kama sekunde 0.0074, paseki 136 kasoro kidogo, miaka ya nuru zaidi ya 440. Hipparcos ndiyo iliyokuwa imekosea, kwa Kilimia, kwa kiasi cha sekunde 0.001. Katika masomo yote ya kozi hii, huu ndio mkasa ningetaka kila mwanafunzi aujue kwa undani. Ile namba 440 iliyoandikwa kitabuni kwa utulivu imepiganiwa, na nyuma yake kuna watu waliokataa kuamini chombo cha gharama kubwa kwa sababu ushahidi mwingine haukukubaliana nacho.

Paralaksi ina mwisho wake. Nyota ikiwa mbali mno, mruko wake haupimiki, na hapo lazima tutumie mwangaza. Fikiria uko ufukweni usiku wa giza, na baharini zinaonekana taa za wavuvi wa dagaa. Taa moja inang'aa, nyingine ni hafifu. Huwezi kusema kwa hakika kwamba ile hafifu iko mbali, huenda ni taa ndogo iliyo karibu. Lakini ukiambiwa kwamba mashua zote zimebeba karabai za aina moja, unaweza kuzipanga kwa umbali bila kutoka ufukweni, kwa sababu mwanga hupungua kwa kanuni: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaokufikia unapungua mara nne. Mara tatu, unapungua mara tisa. Mara kumi, mara mia. Kazi kubwa ya astronomia ya karne ya 20 ilikuwa kutafuta karabai za angani, yaani nyota ambazo nguvu yake halisi inaweza kujulikana kwa alama fulani.

Henrietta Leavitt alizipata. Alikuwa akifanya kazi katika kituo cha kutazamia nyota cha Harvard, akichunguza sahani za vioo zilizopigwa picha za Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo inayoonekana vizuri kutoka kusini mwa dunia. Kulikuwa na nyota zinazopanda na kushuka mwangaza kwa mpigo maalumu. Mwaka 1912 alichapisha matokeo ya nyota 25 za namna hiyo, na mstari ulikuwa dhahiri: kadiri nyota inavyochukua siku nyingi kumaliza mzunguko wake, ndivyo inavyong'aa zaidi. Kwa kuwa zote zilikuwa katika wingu moja, umbali wao ulikuwa karibu sawa, hivyo tofauti ya mwangaza ilikuwa tofauti ya kweli. Hesabu siku, utajua nguvu ya taa. Mwaka 1923 Edwin Hubble, akitumia darubini ya Mount Wilson huko California yenye kioo cha mita 2.5, aliipata nyota ya aina hiyo katika wingu la Andromeda. Umbali aliokokotoa ulikuwa mdogo kuliko tunaoujua leo, ambao ni miaka ya nuru milioni 2.5, lakini ulitosha kuonyesha kwamba Andromeda iko nje kabisa ya Njia ya Maziwa, galaksi yetu. Kabla ya hapo wasomi wakubwa walikuwa wakibishana kama ulimwengu una galaksi zaidi ya moja.

Mwanga haubebi umbali tu. Mwaka 1835 mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte aliandika kwamba binadamu hataweza kamwe kujua nyota zimeundwa kwa kitu gani. Hazikupita hata miaka 30, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen wakaonyesha huko Heidelberg kwamba kila elementi ikichomwa hutoa mistari yake ya rangi, isiyofanana na ya elementi nyingine, na kwamba mistari hiyo hiyo huonekana myeusi katika mwanga wa Jua uliotawanywa. Mwaka 1868 uligunduliwa kwenye Jua mstari wa njano usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Ikaitwa heli, na haikupatikana duniani hadi 1895. Tuliijua heli ya Jua kabla ya kuijua ya hapa nyumbani.

Hapa mwanafunzi hujikwaa pabaya. Anaona mistari mingi ya chuma katika spektra ya Jua, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa rangi, anaandika kwamba Jua limejaa chuma. Kosa hilo lilifanywa na mabingwa wa fani kwa miaka mingi. Aliyelirekebisha ni Cecilia Payne, msichana Mwingereza aliyekwenda Harvard kwa sababu kwao nafasi za mwanamke katika sayansi zilikuwa finyu. Katika tasnifu yake ya 1925 alionyesha kwamba nguvu ya mstari hutegemea sana joto, kwa sababu joto ndilo linaloamua atomi ziko katika hali gani ya kunyonya mwanga. Hidrojeni inaweza kuwa nyingi kupita kiasi na mistari yake ikawa dhaifu. Ukiondoa athari ya joto, nyota karibu zote zina vitu vile vile, na sehemu kubwa mno ni hidrojeni na heli. Henry Norris Russell, mwanaastronomia mwenye sauti kubwa kuliko wote Marekani wakati huo, alimwambia matokeo ya hidrojeni hayawezekani, naye akaandika katika tasnifu kwamba yaelekea si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell alifikia jibu lile lile kwa njia yake mwenyewe. Payne alisubiri mpaka 1956 kupewa uprofesa kamili. Naona ni haki somo hili lifundishwe pamoja na jina lake na pamoja na yale aliyotendewa.

Mbele kidogo, kwenye sura ya mashimo meusi, msomaji wa Kiswahili atakutana na neno analolijua. Satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitalia baharini karibu na Malindi. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Vipimo vyake ndivyo vilivyosaidia kuifanya Cygnus X-1, chanzo cha eksirei angani, iwe shimo jeusi la kwanza lililoaminiwa na wengi.

Kwa anayeanza kozi hii sasa, ushauri wangu ni mmoja. Kila unapoandika jambo katika daftari, andika pembeni yake limejulikana kwa njia ipi: paralaksi, mwangaza, spektra, au mwendo. Ukikuta sehemu huna cha kuandika, hapo ndipo pa kumuuliza mhadhiri. Kitabu kisikuzuie, kwani OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice hutoa kitabu kizima cha kozi hii bure mtandaoni, na programu ya Stellarium, nayo ya bure, itakuonyesha anga la Mbeya au la Minneapolis kwa saa yoyote utakayo.

Wiki za mwisho hufika kwenye ulimwengu unaotanuka, na hapo ngazi yote ya umbali huwekwa rehani. Paralaksi inapima nyota za Leavitt zilizo karibu, nyota hizo zinapima galaksi jirani, na ndani ya galaksi hizo milipuko ya nyota inatupa taa kali za kupimia galaksi za mbali zaidi. Kwa njia hiyo kasi ya kutanuka inakuwa kama kilomita 73 kwa sekunde kwa kila paseki milioni moja. Wengine huanzia upande wa pili, kwenye mwanga wa kale kuliko wote, uliopimwa na satelaiti ya Planck, nao wanapata 67 na kitu. Kila upande umekagua kazi yake mara nyingi. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, imezitazama upya nyota za Leavitt katika galaksi jirani na kukuta kwamba vipimo vya zamani vya darubini ya Hubble vilikuwa sawa. Ama kuna kipande cha ngazi ambacho bado kina kasoro ndogo, kama ile ya Hipparcos, ama kuna jambo la ulimwengu ambalo halimo katika nadharia yetu. Maprofesa wengine hulitoa kama swali la insha ya mwisho, na wanachosahihisha ni hoja, kwa sababu jibu lenyewe hawana.